Kwa nini kambi za watoto za kanisa hazitaki mzazi atembelee? Nimerudishwa getini na pilau yangu

#1 Baba Mjazo (mleta mada)
Wakuu, salaam.

Nina binti wa miaka 13, kidato cha kwanza, shule ya kutwa. Tangu azaliwe hajalala nje ya nyumbani zaidi ya kwa bibi yake. Likizo hii ya Juni kanisa letu limepeleka watoto wa miaka 12 hadi 15 kambini Lushoto, Jumamosi hadi Jumamosi. Mchango 85,000 pamoja na nauli. Nikalipa, nikanunua kigodoro, ndoo, blanketi, tochi, nikasaini fomu bila kuisoma (najua, najua).

Jumatano nikasema ngoja nikamwone. Nimetoka Dar saa kumi alfajiri, Chalinze, Segera, nikafika Mombo nikaanza kupanda zile kona. Saa sita mchana niko getini. Siti ya nyuma kuna hotipoti ya pilau ya mama yake, kopo la kachumbari na machungwa ya njiani. Getini kuna kijana ana filimbi shingoni. "Mzee, wageni ni Jumamosi ya kufunga." Nikamwambia mimi si mgeni, mimi ni baba. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Wote waliomo humu wana baba, mzee."

Nimesimama pale dakika 40. Kwa mbali nawaona wamepanga foleni na sahani zao, masweta ya kila rangi, moshi wa jikoni unawapitia usoni. Nikageuza gari.

Sasa naomba wenye uzoefu mniambie. Hii ni kambi ya kanisa au kambi ya jeshi? Mzazi kumwona mtoto wake dakika tano kunaharibu nini?

#2 Kijukuu cha Shangazi
Umesaini fomu bila kusoma halafu unakuja kutulilia sisi. Mods funga uzi.

#3 Mama Wawili
Fomu tutaijadili baadaye. Pilau ilienda wapi?

#4 Mwalimu wa Zamu
Nimelea bweni la wasichana miaka 11, na kambi za likizo nimesimamia tatu. Siku ya kwanza mtoto ana mshawasha, ya pili anawasoma wenzake, ya tatu usiku ndiyo kilio. Mara tumbo, mara kichwa, mara "mwalimu naomba nimpigie mama". Ukishamvusha hapo, siku ya saba hataki kurudi nyumbani.

Wewe umefika Jumatano, siku ya tano. Kidonda ndiyo kinakauka, unakuja kukikwangua. Tena si kwa wako tu, akitembelewa mmoja bweni zima linalia usiku huo. Anayekesha ni matroni. Wewe saa hiyo uko Segera unakula mahindi ya kuchoma.

#5 Baba Mjazo
Nimekuelewa mwalimu, ila huyu wangu si mliaji.

#6 Mwalimu wa Zamu
Hakuna mliaji mbele ya baba yake.

#7 Mnyonge Hanyongwi
Msimjaze mwenzenu maneno ya saikolojia. Wanaficha, basi. Mdogo wangu alikwenda kambi moja, sitaitaja, watoto zaidi ya 200 na matundu manne ya choo. Asubuhi chai ya rangi na kiporo. Siku ya kufunga kaja mgeni rasmi, mapambo, kuku, wali, kwaya na sare mpya. Mzazi anayekuja Jumamosi anaiona Jumamosi. Anayekuja Jumatano anaiona Jumatano. Ndiyo maana geti la Jumatano halifunguki.

#8 Jiko Kubwa
Mnyonge #7 umenigusa mimi. Nimepika kambi nne za vijana, wacha niwape hesabu. 85,000 ya mleta mada, toa basi la kukodi kwenda na kurudi, tuseme 40,000. Inabaki 45,000. Gawa kwa siku 7, unapata 6,400 na senti kadhaa. Hapo kuna milo mitatu, kuni, maji, ukumbi, dawa, na mwalimu wa kwaya naye anataka kula.

Watoto 140 wakila ugali nasonga kilo 42 za unga kwa mlo mmoja. Hiyo ni gramu 300 kila kichwa, na wavulana wa miaka 14 wanarudi na sahani wakidai hawakupata. Maharage naloweka usiku, saa kumi na moja asubuhi yako motoni. Siku ya wali ukoko unagombaniwa hadi mchungaji aingilie.

Haya, waje wazazi 20 na hotipoti 20. Kwanza changu kinalala. Pili, mtoto akiharisha usiku anaulizwa nani? Jiko Kubwa. Pilau imepikwa Dar usiku wa manane, imefunikwa ingali moto, imekaa masaa nane kwenye gari, imezungushwa kona zote za Soni. Mkuu, pilau hiyo ikifika Lushoto ina mambo yake yenyewe.

#9 Mama Wawili
Jiko Kubwa usiitukane pilau ya mama wa watu. Ila kuhusu kuharisha uko sahihi.

#10 Kona Bar
Haya yote yametoka kwa skauti. Baden-Powell, mwanzilishi wao, alifanya kambi ya kwanza 1910 huko Uingereza, vijana peke yao, makanisa yakakopi. Wanafuata kanuni hawajui hata ilitoka wapi.

#11 Mkenya Damu
Kona Bar, 1907 si 1910. Kisiwa cha Brownsea, mwezi wa Agosti, vijana kama 20 hivi. Na huyo mzee amezikwa kwetu Nyeri, alifariki 1941. Ukitaka kumuuliza habari za wazazi njoo tu, ila usisahau pilau.

Sasa mimi nawaambieni jambo moja. Huku kwetu makanisa mengi yana kambi za vijana wa tohara. Enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, kabla haijafa 2023, kijana akimaliza darasa la nane tu, Desemba anaingia kambini na wenzake. Anatahiriwa na daktari, anakaa wiki moja au mbili anafunzwa Biblia, pesa, wasichana, pombe, heshima. Mama haingii. Wangu alikuwa huko, mimi niliruhusiwa siku ya kumpokea tu, pale kanisani, amevaa suti imempwaya mabegani. Hakuna aliyelalamika. Kila mzazi alijua hivyo ndivyo inavyokuwa.

#12 Mwana wa Kumbi
Afadhali Mkenya kafungua mlango. Mleta mada unauliza jambo ambalo babu zako walishalijibu. Mwari hatembelewi! Ukienda kumbini, kule jandoni, wewe mama mtu unatafuta nini? Kwetu kusini mama anapika, chakula kinapelekwa na waliokwisha pita, na yeye akisikia nyimbo za kule porini anageuza njia. Mtoto anaingia akiwa wa mama, anatoka akiwa wa watu. Katikati hapo hapana mgeni.

Na msiseme kanisa halihusiki. Masasi, Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa dayosisi ile tangu 1926, hakulipiga marufuku jando. Alilichukua akalifanya la Kikristo, na ibada zake na padre wake. Babu yangu alipita huko. Kwa hiyo huyo kijana wa filimbi ni mlinzi wa kumbi, yeye mwenyewe hajijui tu.

#13 Mbegu ya Haradali
Naomba tusichanganye. Kambi ya vijana ni mafundisho, michezo na maombi. Hakuna siri, hakuna matusi ya kumbini. Mimi ni mwalimu wa Sunday school na sisi hatufungi geti kwa sababu ya mila.

#14 Mwana wa Kumbi
Mnafunga kwa sababu gani?

#15 Mbegu ya Haradali
Utaratibu.

#16 Kijukuu cha Shangazi
😂😂 Utaratibu ndiyo mila yenyewe ikivaa tai.

#17 Msabato Asiye na Haraka
Ngoja niweke jambo sawa, maana naona watu wanasema "makambi" kama ni kitu kimoja. Kwetu Wasabato makambi ni ya kanisa zima, wazee kwa watoto, mnahama na magodoro na sufuria, na Sabato ya mwisho wageni wanamiminika na vyakula. Hapo hakuna wa kumzuia mtu. Nimezaliwa Upare ambako ujumbe ulifika 1903, makambi nimeyaanza nikiwa mgongoni.

Ya watoto ni nyingine, ile ya Watafuta Njia, miaka 10 hadi 15, wenye skafu za njano. Klabu hizo zilipitishwa rasmi na kanisa duniani 1950, skauti ikiwa na zaidi ya miaka 40, kwa hiyo Kona Bar kwa upande huo hujapotea sana. Pale ndiyo kuna ratiba ya dakika kwa dakika. Saa kumi na moja na nusu filimbi, ukaguzi wa hema, mafundo ya kamba, gwaride. Mzazi akitokea katikati ya ukaguzi mtoto anatoka mstarini, kundi zima linakatwa pointi. Niliwahi kukatiwa pointi kwa sababu ya shangazi ya mtu. Mpaka leo namkumbuka yule shangazi na kitenge chake.

#18 Baridi ya Minnesota
Habari za huku. Watoto wanafunga shule mwanzoni mwa Juni mpaka Septemba, kwa hiyo kambi za kanisa za kiangazi ni nyingi. Wangu wa miaka 12 mwaka jana alikwenda ya kando ya ziwa. Jumapili unampeleka, Ijumaa unamchukua, katikati hakuna kutia mguu. Simu wanakusanya. Dawa zote, hata Panadol, unamkabidhi nesi mkononi kwenye mfuko wenye jina.

Ila wana kitu kimoja kizuri. Unaandika barua kabla, unaziacha pale zimeandikwa siku, wanampa moja kila jioni. Mimi kwenye ya Jumanne niliandika "natumaini leo umeogelea sana". Kumbe Jumanne ilikuwa radi tupu, walifungiwa ndani tangu asubuhi. Alirudi ananicheka.

Zipo kambi nyingine huku zina siku moja rasmi ya wazazi katikati ya kipindi, lakini hizo ni za wiki nyingi. Wiki moja hakuna.

#19 Geti Namba Mbili
Mimi nimekuwa huyo kijana wa filimbi. Mwaka wangu wa pili alikuja mwanaume mmoja, nadhifu, ana mfuko wa biskuti, anasema ni mjomba wa binti fulani. Jina analijua, shule anaijua. Nikamwambia asubiri, nikampigia mama wa mtoto. Mama akaniuliza, mjomba gani? Nilipogeuka biskuti ziko chini, mtu hayupo.

Watoto 140, mimi nitajuaje huyu baba na huyu si baba? Sura mnafanana wote. Ndiyo maana jibu ni moja kwa wote, hata uwe askofu.

#20 Mnyonge Hanyongwi
Sawa, umetisha. Lakini wabaya hawaji wote kwa nje na biskuti. Wengine wamo ndani na vitambulisho shingoni. Kambi isiyotembelewa siku saba nani anawaangalia wanaoangalia? Mtu wa Minnesota, huko kwenu hilo wanalifanyaje?

#21 Baridi ya Minnesota
Kila anayejitolea anachunguzwa rekodi zake kwanza. Na kuna kanuni ya watu wazima wawili, hakuna mkubwa kukaa peke yake na mtoto mmoja faragha. Si kwamba mabaya hayatokei, yametokea sana, ndiyo maana kanuni zipo.

#22 Mwalimu wa Zamu
Hapo #20 nakuunga mkono asilimia mia. Hilo ndilo la kuuliza kabla ya kulipa 85,000. Matroni wangapi, wanalala wapi, mlango unafungwa na nani. Hotipoti baadaye.

#23 Wakili wa Mtaa
Kisheria mzazi ana haki ya kuingia popote alipo mtoto wake wakati wowote. Sheria ya Mtoto iko wazi. Warudishie hela wakusikilize.

#24 Karani wa Zamani
Wakili, Sheria ya Mtoto ni Namba 21 ya 2009. Inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18 na kwamba maslahi ya mtoto yatangulie. Hiyo "popote wakati wowote" umeitoa mtaani, kama jina lako. Na hapa kuna fomu imesainiwa.

#25 Kijukuu cha Shangazi
Tumerudi kwenye fomu. Nilisema mapema.

#26 Baba Mjazo
Wakuu nimesoma yote. Kuna jambo sikulisema.

Pilau ilikuwa wazo la mama yake, kwa kuwa nilikuwa nakwenda tu. Mimi nilikwenda kwa sababu Jumanne usiku tulikuta inhela yake juu ya friji. Binti ana pumu. Si kali, lakini baridi inamshika, na Lushoto mwezi wa sita mnaijua. Begi nililifunga mimi mwenyewe, mama yake alikuwa zamu ya usiku. Niliona aibu kuandika.

Getini nilisema. Nesi alikuja, mama wa makamo, akaipokea, akaandika kwenye daftari jina na saa, akasema yuko salama, hajapata shida. Nikaomba dakika mbili tu nimwone. Akasema hapana baba, niamini. Hiyo "niamini" ndiyo iliyonileta humu.

#27 Mwalimu wa Zamu
Baba Mjazo!! Mabandiko 25 tunajadili pilau, kumbe kuna pumu? Nafuta nusu ya niliyoandika. Mwenye dawa ni mgonjwa, hana mgeni wala ratiba. Angepaswa kuitwa na apewe mkononi mbele yako, ujue anajua kuitumia.

#28 Geti Namba Mbili
Kwetu tungemwita. Kando, ofisini, dakika tano. Lakini hotipoti ingebaki kwenye gari.

#29 Mnyonge Hanyongwi
Na fomu ya afya hawakuuliza pumu? Mtoto kalala siku nne bila dawa na nesi hajui kama ana ugonjwa? Narudia, wanaficha.

#30 Karani wa Zamani
Pengine waliuliza. Si haikusomwa?

#31 Mtoto wa Tangi
Nimekuwa msomaji tu ila leo naandika.

Mimi nilikuwa na miaka 13, kambi ya Desemba, baba keshafariki, mama yuko kijijini na wadogo. Kambi yetu waliruhusu wageni siku ya nne. Kuanzia saa nne asubuhi majina yanaitwa kwa kipaza sauti. Fulani una mgeni. Fulani una mgeni. Nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikajifanya nafua. Nilikuwa na shati moja, nimelifua mara tatu. Nikakuta wenzangu wawili hukohuko, nao wanafua. Hatukuongea. Jioni mmoja wa waliotembelewa alitupa mapaja mawili ya kuku watu watatu.

Mwaka uliofuata walifuta siku ya wageni. Mleta mada simlaumu, mtoto wake ana pumu. Nasema tu geti likifungwa kuna watoto ndani wanashusha pumzi.

#32 Mama Wawili
😢

#33 Jiko Kubwa
Mtoto wa Tangi, nimekusoma nikiwa jikoni.

#34 Kona Bar
Hata hivyo siku ya kufunga si hayo hayo yanatokea? Wa tangi Jumamosi anakwenda wapi? Mmeahirisha tu.

#35 Mtoto wa Tangi
Jumamosi wote mnapanda basi moja.

#36 Baba Mjazo
MREJESHO. Jana nilikwenda kuwapokea kanisani, basi limefika saa mbili usiku. Kashuka ana sauti imekauka kwa kuimba, sweta la mtu mwingine, viatu vya michezo vimeloa, vimefungwa kwa kamba kwenye ndoo. Inhela iko mfuko wa begi, kikaratasi chenye jina lake kimebandikwa kwa plasta. Anasema alipewa siku ileile baada ya chakula na aliitumia mara moja, usiku wa Alhamisi. Fomu ya afya nimeiomba nikaiona. Kwenye pumu niliweka alama ya "hapana". Mkono wangu mwenyewe.

Njiani kwenda nyumbani nikamuuliza kama aliniona Jumatano. Akasema, "Nilikuona baba. Ulivaa ile kofia." Nikamuuliza mbona hukupunga hata mkono? Akaangalia nje ya dirisha. Tulipofika Ubungo alikuwa amelala.

#37 Mwana wa Kumbi
Katoka kumbini huyo. Hakupungii tena.

#38 Mwalimu wa Zamu
Au angepunga angelia. Nimewaona wengi.

#39 Kijukuu cha Shangazi
Au ni kofia. Mkuu, ni kofia gani?

#40 Baba Mjazo
Ya jua. Ya kampeni.

#41 Kijukuu cha Shangazi
Jibu tumepata wakuu.

#42 Mnyonge Hanyongwi
Mimi bado nataka kujua matundu ya choo yalikuwa mangapi.

#43 Mama Wawili
Na pilau jamani? Nimeuliza tangu #3.

#44 Baba Mjazo
Nilimwachia kijana wa filimbi na wenzake wa getini, mle mle kwenye hotipoti. Walishukuru sana.

#45 Mama Wawili
Na hotipoti imerudi?

#46 Baba Mjazo
Haijarudi. Mama yake anaulizia kila asubuhi. Geti Namba Mbili, una namba ya hao jamaa wa Lushoto?